Ngano Kizimbani

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 2004, kisiwa cha Simeulue, kilichoko nje ya pwani ya magharibi ya Sumatra, kilitikisika kwa nguvu. Kitovu cha tetemeko kilikuwa kilomita 60 hivi kutoka hapo, na mawimbi yalifika kabla ya dakika kumi kutimia. Hapakuwa na king'ora wala tangazo la redio. Watu walipaza neno moja, smong, yaani sunami, wakabeba watoto na wazee wakapanda vilimani. Kati ya wakazi wapatao 78,000, waliokufa walikuwa saba. Ng'ambo ya maji, kwingineko mkoani Aceh, waliokufa na kupotea walizidi 160,000, na miongoni mwao wamo walioteremka ufukweni kuokota samaki bahari ilipojivuta.

Kilichowaokoa watu wa Simeulue ni kisa cha mwaka 1907. Mwaka huo bahari iliwameza babu zao, na waliosalia wakalitia tukio hilo katika nyimbo na bembelezi: nchi ikitikisika sana kisha bahari ikakauka, usingoje, kimbilia mlimani. Mabibi waliwaimbia wajukuu jambo hilo kwa miaka 97, wengi wao wakiwa hawajawahi kuliona kwa macho.

Watetezi wa hekima za jadi wanaupenda sana mfano huu, na wana haki. Mimi naanza nao kwa sababu nyingine: kisa cha smong kingeweza kukosea. Kilitaja dalili, kikataja mfuatano wake, kikataja la kufanya. Kama nchi ingetikisika, bahari ikakauka na wimbi lisije, watu wangepanda mlima bure na kila mtu angejua. Ngano za namna hiyo ni chache. Nyingi hazisemi jambo linaloweza kushikwa, na watetezi wake wengi hawapendi zishikwe.

Tumezoea pande mbili katika mjadala huu. Upande mmoja unasema sayansi imefika, kwa hiyo hadithi za wazee ni za kulalia watoto. Upande wa pili unasema kila hadithi ni ya kweli kwa namna yake, kwamba ni mafumbo, ni ishara, ni roho ya jamii. Huu wa pili unaonekana kuwa na adabu zaidi. Nadhani ndio wenye dharau kubwa. Neno lisiloweza kuwa uongo halina habari ndani yake, na anayeisifu ngano kwa njia hiyo ameiondolea hadhi ya kuwa usemi wa watu wazima waliotaka kusema jambo. Kuichukulia ngano kwa uzito ni kuiita kizimbani kama shahidi na kuiuliza anayoulizwa shahidi yeyote. Ulikuwepo? Kama hukuwepo, umesikia kwa nani? Maneno yako yaliandikwa lini kwa mara ya kwanza, kabla ya tukio au baada yake? Nani anafaidika ukiaminiwa? Shahidi huyo anaweza kushinda, anaweza kushindwa, na mara nyingi atashinda nusu.

Tuanze na aliyeshinda karibu yote. Katika pwani ya magharibi ya Kanada na Marekani, mataifa ya wenyeji yalisimulia vita vya ndege wa radi na nyangumi, vita vilivyotikisa nchi na kuleta bahari juu ya ardhi. Mwaka 1964 mzee Louis Nookmis wa kabila la Huu-ay-aht, kisiwani Vancouver, alisimulia habari isiyo na ndege wala nyangumi: kwamba watu wa ghuba ya Pachena walimezwa na maji usiku, baada ya tetemeko, na kwamba waliokuwa wakiishi mahali pa juu walinusurika. Wanasayansi wa wakati huo hawakuwa na sababu ya kumsikiliza. Eneo hilo lilihesabiwa kuwa tulivu.

Miaka ya 1980 mwanajiolojia Brian Atwater alianza kuchimba kwenye mabwawa ya pwani ya jimbo la Washington, akakuta udongo wenye mizizi ya nyasi umefukiwa ghafla chini ya mchanga wa bahari. Mierezi iliyokufa ikiwa imesimama ilionyesha, kwa hesabu ya pete zake, kwamba uhai wake ulikatika kati ya Agosti 1699 na Mei 1700. Mwaka 1996 Kenji Satake na wenzake walirudi kwenye kumbukumbu za Japani, ambako makarani wa zama hizo walikuwa wameandika habari za wimbi lililokuja bila tetemeko. Kwa kukokotoa muda wa wimbi kuvuka Pasifiki, wakapata saa yenyewe: yapata saa tatu usiku, tarehe 26 Januari 1700, saa za huko Marekani. Usiku, kama mzee alivyosema. Mti, mchanga na karani wa Kijapani walikuwa wamelisimulia tukio lilelile. Ngano iliwatangulia wanajiolojia kwa miaka 20, na haikuhitaji kusaidiwa na ishara wala fumbo. Ilihitaji kuulizwa tu.

Hapa Afrika Mashariki na ya Kati mfano ulio karibu zaidi na huo ni wa hewa. Wanaoishi kando ya Ziwa Kivu, upande wa Goma na Sake, wanajua mabonde na mashimo ambayo hayafai kwa mbuzi wala mtoto, hasa alfajiri kabla ya upepo. Wanayaita mazuku, na simulizi zao zinazungumzia upepo mbaya unaotembea usiku na kuua. Wanavolkano walipopima hewa katika mashimo hayo walikuta kaboni dayoksaidi inayopenya kutoka ardhini. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Hujilaza mahali pa chini usiku kunapokuwa kumetulia, na jua na upepo vinapoanza, hutawanyika. Anayekufa kwanza ni mwenye pua iliyo karibu na ardhi: kuku, mbuzi, mtoto. Kila kipengele cha simulizi kilikuwa mahali pake isipokuwa chanzo. Siku hizi neno mazuku limo katika majarida ya volkano ya ulimwengu mzima, na wanaolitumia huko pengine hawajui salamu moja ya Kiswahili.

Jambo hili si dogo. Katika vilindi vya Ziwa Kivu kuna kilomita za ujazo 300 hivi za kaboni dayoksaidi na 60 hivi za methani, zimezuiwa na uzito wa maji. Kinachoweza kutokea kilionekana Kameruni usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilipotema hewa yake na kuua watu wapatao 1,700 vitandani mwao na mabondeni. Mwanaanthropolojia Eugenia Shanklin, aliyekuwa amefanya utafiti miongoni mwa Wakom wa nyanda hizo, alijua kwamba maziwa ya huko yalikuwa na sifa mbaya katika masimulizi tangu zamani. Hadithi ya asili ya Wakom wenyewe inasema mfalme wao alijinyonga kwa kisasi. Majimaji ya mwili wake yakawa ziwa, funza wakawa samaki, na maadui walipoingia kuvua, ziwa likawageuka na kuwaangamiza wote. Hadithi haitaji gesi wala mwaka. Lakini wazo kwamba ziwa lililotulia linaweza kuua umati wa watu kwa dakika chache halikuwa wazo la kawaida kwa mtaalamu wa maziwa kabla ya miaka ya 1980. Kwa Mkom lilikuwa la kawaida.

Hadi hapo mashahidi wangu wamenipendelea. Sasa niwalete wengine.

Wachaga husimulia kwamba Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kwa ndugu yake Kibo kuomba kaa. Akapewa. Akarudi tena, akapewa tena. Alipozidisha, Kibo alichukua mchi akampiga, ndiyo maana mpaka leo kilele cha Mawenzi kimechongoka na kuvunjikavunjika ilhali Kibo kichwa chake ni laini na cheupe. Sasa waulize wanajiolojia: Mawenzi ilizimika kwanza, takribani miaka 450,000 iliyopita, na Kibo iliendelea kutoa moto hadi miaka kama 150,000 hadi 200,000 iliyopita, mpaka leo mvuke wenye harufu ya kiberiti hutoka katika kreta yake. Ngano imepatia! Moto wa Mawenzi ulizimika, wa Kibo ukabaki.

Nimesikia watu wakitumia ulinganifu wa aina hii kama ushahidi kwamba wazee wanakumbuka volkano. Haiwezekani. Hakuna simulizi inayoweza kuvuka miaka laki moja na nusu mdomoni mwa watu, na Wachaga wako mlimani hapo kwa karne chache tu. Walichofanya ni kitu kingine, na kwangu ni kikubwa zaidi ya kukumbuka: walitazama. Waliona mlima mmoja umelika na mwingine mzima, wakaona mvuke au wakasikia habari zake, wakapiga hesabu kwamba moto ulizimika upande huu kabla ya ule. Ni hoja ya jiolojia iliyovishwa nguo za ugomvi wa ndugu. Lakini ukiiita kumbukumbu, umeipotosha, na kesho mtu atakuja na ngano nyingine inayolingana kwa bahati tu, na hutakuwa na la kumwambia.

Bahati na uchafuzi: hizo ndizo hatari mbili kubwa. Uchafuzi una kesi yake maarufu nchini Mali. Mwaka 1950 Marcel Griaule na Germaine Dieterlen, wanaanthropolojia wa Kifaransa, waliandika kwamba Wadogon wanajua nyota ndogo, nzito, isiyoonekana kwa macho, inayozunguka Sirius. Nyota hiyo ipo kweli. Ilionekana kwa darubini mwaka 1862. Robert Temple akaandika kitabu mwaka 1976 kudai kwamba elimu hiyo ililetwa na wageni kutoka angani, na mpaka leo kitabu hicho kina wafuasi. Mwaka 1991 Walter van Beek, aliyekaa miaka mingi na Wadogon haohao, alichapisha matokeo yake: hakukuta elimu hiyo kwa watu wa kawaida, na walioijua kidogo walisema waliisikia kwa Griaule. Griaule aliipenda sana elimu ya nyota. Inaelekea aliuliza maswali yenye majibu ndani yake, kisha akayapokea majibu yake kama urithi wa Wadogon. Shahidi alikuwa amefundishwa la kusema na wakili, na wala hakuwa na kosa.

Kupatwa kwa jua kunatupa kipimo kingine. Huko Biharwe, karibu na Mbarara, Uganda, inasimuliwa kwamba mfalme Olimi wa Bunyoro alipokuwa akirudi na ng'ombe aliowateka, jua lilianguka kutoka mbinguni. Aliogopa, akakimbia na kuacha mifugo, na watu wa Nkore wakaiona kama zawadi ya mbingu. Wanahistoria walihesabu vizazi vya wafalme kurudi nyuma, wakakuta hesabu inaangukia karibu na tarehe 17 Aprili 1520, siku jua lilipopatwa kabisa eneo hilo. Mnara wa kumbukumbu umejengwa barabarani. Mimi nakubali kwamba jua lilipatwa na kwamba jeshi lilitishika. Watu hawabuni hivihivi aibu ya mfalme. Mwaka wenyewe ni jambo jingine. David Henige alionyesha mwaka 1974 jinsi orodha za wafalme zinavyorefushwa: ndugu wawili waliopokezana kiti wanakuwa baba na mwana, na miaka thelathini inazaliwa kutoka hewani. Nyota haidanganyi, ila mwenye orodha anaweza kudanganya bila kukusudia.

Sasa nije nyumbani, kwenye ngano iliyotugawa Waswahili kuliko zote. Kwa mujibu wa tarikhi ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 na kutajwa pia na Mreno João de Barros mwaka 1552, watu wa Shiraz walisafiri kwa majahazi saba. Mmoja wao, Ali bin Hassan, akafika Kilwa akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Usultani ukaanzia hapo. Wakoloni walilipenda simulizi hili kwa sababu liliwapa nafasi ya kusema kwamba Mwafrika hakujenga chochote. Baada ya uhuru wasomi wakaligeukia. Mwaka 1985 Derek Nurse na Thomas Spear walionyesha kwamba Kiswahili ni Kibantu kuanzia mizizi, na kwamba miji ilikua kutoka vijiji vya wenyeji. Mark Horton alipochimba Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, alikuta msikiti juu ya msikiti hadi kufikia kijisikiti cha miti cha karne ya 8, katikati ya kijiji ambacho vyungu vyake ni vya kienyeji. Ushirazi ukawa, katika vitabu vizuri, ni madai ya hadhi: watu walijitafutia babu wa mbali ili wawatawale majirani. Mwanafunzi wa historia wa kizazi changu alifundishwa hivyo na akaona kesi imefungwa.

Machi 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya Pwani na mji mmoja wa bara, wale wa Pwani wakiwa wa kati ya takribani mwaka 1250 na 1800. Wamo watu wa Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Majibu yalizishangaza pande zote. Wengi wao walikuwa na asili mbili: zaidi ya nusu mara nyingi ni ya Kiafrika, na hiyo ilipitia hasa kwa wanawake, sehemu kubwa iliyobaki ni ya Asia, na katika hiyo ya Asia asilimia 80 hadi 90 inatokana na wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika kulikuwa kumeanza ifikapo mwaka 1000 hivi, kipindi ambacho masimulizi ya Kilwa yanakielekezea. Waarabu wanazidi kuonekana baadaye, baada ya mwaka 1500.

Wapo waliosherehekea kana kwamba tarikhi imethibitishwa yote, na wapo waliokasirika kana kwamba mkoloni amerudi na maabara. Hoja zichambuliwe moja moja. Je, wanaume walitoka Uajemi? Ndiyo, na wasomi waliowaita hekaya tupu walikosea. Je, walianzisha miji? Hapana, Shanga ilikuwa na watu, vyungu na msikiti kabla hawajaonekana. Walikuwa masultani? Kinasaba hakina taji. Kinaweza kuwa cha mfanyabiashara, nahodha au mkimbizi. Tena waliopimwa ni wa makaburi ya waungwana, karibu na misikiti, si wavuvi wa kando ya mji. Na jambo ambalo kwangu ndilo zito: tarikhi inahesabu majahazi na wana wa kiume, lakini mama za wale waliozaliwa Pwani hawana jina hata moja. Nusu ya ukoo imefutwa kwenye kumbukumbu na kubaki kwenye mifupa. Lugha iliyoshinda ni ya hao mama. Simulizi la babu lilikuwa la kweli, na liliwaficha bibi.

Msisitizo huu una sababu. Katika Zanzibar ya miaka ya 1950 jina la Shirazi lilikuwa siasa hai, likabebwa hata na chama cha Afro-Shirazi mwaka 1957, na watu walichagua babu kwa kuangalia upepo. Swali la nani anafaidika ukiaminiwa halijafutwa na matokeo ya maabara. Limehama tu, kwa sababu sasa kila upande unachagua asilimia zake.

Kuna kisa cha Pwani ambacho ningetamani kingekuwepo. Wanasayansi waliochimba katika ghuba ya Pangani walichapisha mwaka 2020 habari za tabaka la mchanga wa sunami ya miaka 1,000 hivi iliyopita, likiwa limefunika makazi ya wavuvi na mifupa ya watu. Inaelekea wimbi hilo lilivuka Bahari ya Hindi kutoka upande uleule wa Sumatra. Hadithi za Pwani nizijuazo zina majini, nyangumi, Sindbad na meli za mawe. Wimbi hilo silioni humo. Mwaka 2004 maji yalipofika hapa yakiwa yamepungua nguvu, waliokufa Tanzania wengi walikuwa waogeleaji wa siku ya sikukuu. Ngano nazo hufa, na zikifa hazimwachii mtu taarifa.

Utabiri ni shahidi wa aina nyingine kabisa, kwa sababu anatoa ushahidi kabla ya kosa kutendeka. Hapa kuna swali moja linalotangulia mengine: yaliandikwa lini? Porphyry, mwanafalsafa wa karne ya 3, aliliuliza kuhusu Kitabu cha Danieli. Akasema sura zinazoeleza vita vya wafalme wa Shamu na Misri kwa usahihi wa ajabu ziliandikwa vita hivyo vikiwa vimeshapiganwa, zama za Antiochus wa Nne. Wasomi wengi wa Biblia leo wanakubaliana naye kuhusu tarehe. Waumini wengi wanakataa, na wana hoja zao za imani ambazo mchanga na pete za miti haviwezi kuzijibu.

Kenya ina nyoka wa chuma. Wakikuyu wanasema Mugo wa Kibiro alimwona akitoka bahari ya mashariki kwenda ziwa la magharibi, akitema moto. Wakamba wanasema ni Syokimau. Wanandi wanasema ni Kimnyole, aliyeuawa na watu wake mwenyewe karibu na mwaka 1890. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901. Simulizi la Mugo linalojulikana zaidi liko katika kitabu cha Jomo Kenyatta cha mwaka 1938, treni ikiwa imeshapita Ukikuyu kwa miongo mingi. Kwa kipimo cha Porphyry, kesi hii ni dhaifu.

Hata hivyo usimtoe shahidi nje haraka. Wakamba walikuwa wafanyabiashara wa pembe, wakienda na kurudi Mombasa katika karne ya 19. Habari za meli za moshi na mashine za Wazungu zilisafiri na misafara yao, na mtu mwenye akili aliyekaa kwenye njia ya habari angeweza kuona kinachokuja bila kuhitaji mizimu. Hilo ni kisio langu, lakini linaeleza kwa nini makabila matatu yana nyoka mmoja. Na angalia alichokitia Kenyatta mdomoni mwa Mugo: msipigane nao kwa mikuki, fanyeni urafiki, ila msiwakaribishe karibu na makazi kwa sababu wataitamani ardhi. Huo ni mpango wa siasa wa mwaka 1938, umepewa umri wa babu. Inasimuliwa pia kwamba Mugo aliutaja mti wa mugumo wa Thika, kwamba ukianguka utawala wa wageni utakwisha, na kwamba Waingereza waliujengea ukingo usianguke. Kama ni kweli, basi hata wasioamini walitumia saruji.

Upo utabiri ulioua, na huu hauwezi kupitwa kwa mzaha. Mwaka 1904 Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, inasemekana, alipandwa na pepo Hongo, akaingia katika kidimbwi cha mto na kutoka siku ya pili nguo zikiwa kavu. Akatoa maji, akasema risasi za Wajerumani zitageuka maji. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Tarehe 4 Agosti Kinjeketile alinyongwa Mohoro. Tarehe 30 Agosti, mbele ya boma la Mahenge, maelfu walikwenda wima mbele ya bunduki za rashasha. Vita na njaa iliyofuata viliua watu ambao makadirio ya wanahistoria wengi yanafika 250,000 hadi 300,000.

Risasi hazikugeuka maji. Hilo lazima lisemwe kwanza, na kwa sauti, kwa sababu kuna uandishi wa kizalendo unaoliruka upesi ili ufikie umoja wa makabila zaidi ya 20. Lakini umoja huo nao ni ukweli wa kihistoria, na hakuna kilichouleta isipokuwa maji yale. Dawa ya maji haikuwa ya kigeni. Watu waliitumia kulinda mazao dhidi ya nguruwe na wadudu, na Kinjeketile aliipanua kutoka shambani hadi vitani. Ebrahim Hussein aliliona tatizo hili katika tamthilia yake ya mwaka 1969: neno linaweza kuwa la uongo na bado likafanya kazi ambayo neno la kweli halikuweza kuifanya. Mwanahistoria anayeliita maji upumbavu hajaeleza kwa nini watu wenye akili walikwenda mbele. Anayeliita ishara ya umoja hajawaeleza wajane.

Kwa Waxhosa wa Afrika Kusini mambo nayo yalikuwa mabaya. Binti Nongqawuse alisema mwaka 1856 kwamba wafu watafufuka na ng'ombe wapya watatoka iwapo waliopo watachinjwa na nafaka kutupwa. Ugonjwa wa mapafu ulioletwa na meli mwaka 1853 ulikuwa umeshaanza kuwamaliza ng'ombe, na ardhi ilikuwa inakwenda kwa walowezi. Ng'ombe wapatao 400,000 walichinjwa, watu wapatao 40,000 wakafa njaa, na gavana George Grey akavuna alichokitaka. Utabiri huo ulikuwa na tarehe. Siku ilipita, ikawekwa nyingine, ikapita nayo. Ungeweza kukosea na ulikosea. Kilichokosekana ni mtu mwenye sauti ya kutosha kusema, baada ya tarehe ya kwanza, kwamba umekosea. Waliosema walihesabiwa kuwa ndio sababu ya wafu kutokuja.

Upo pia utabiri unaokubali kupimwa: magharibi mwa Kenya, huko Bunyore katika kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi kama watabiri wa mvua. Wazee husoma miti inayotoa maua au kupukutisha majani, ndege, wadudu na mwelekeo wa upepo katika vichaka vyao vitakatifu. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na kituo cha hali ya hewa cha jumuiya ya IGAD viliacha kuwapuuza, vikaanza kukaa nao. Kabla ya msimu, wazee wanatoa utabiri wao na wataalamu wa satelaiti wanatoa wao, wanajadiliana wanapotofautiana, kisha tangazo la pamoja linakwenda kwa wakulima kwa lugha yao. Tabianchi inayobadilika inawasumbua wote: mti unaochanua kabla ya wakati wake unamdanganya mzee, na kompyuta iliyolishwa takwimu za miaka ya zamani inadanganyika vilevile. Lakini maneno yametoka kabla ya mvua, yamesikika na kijiji kizima, na yana tarehe. Aliyepanda mahindi Machi kwa kuyaamini anajua ifikapo Mei kama yalikuwa ya kweli, na msimu unaofuata mzee na mtaalamu wanarudi kwenye meza ileile wakiwa na hesabu hiyo mbele yao.